Kidole kinywani: lini tukiache, lini tukitoe



Mwaka jana maalim wa chuo cha mtaani kwetu, hapa Malindi, alinisimamisha baada ya swala ya alasiri. Alitaka tuzungumze habari za mpwa wangu, mtoto wa dadangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano na nusu.

"Mtoto ana kichwa kizuri," akaniambia. "Anahifadhi upesi kuliko wenzake. Lakini sini yake inatoka kama thaa. Nimemrekebisha miezi mitatu, haikubali. Hebu mtazameni kinywa."

Jioni ile tukamkalisha barazani, tukamwambia aume magego kisha acheke. Meno ya nyuma yalikutana vizuri. Ya mbele hayakukutana. Kati ya ya juu na ya chini palikuwa na uwazi wa kupitisha kidole, na ncha ya ulimi ilikuwa ikichungulia papo hapo. Kidole kilichofanya kazi ile sote tulikijua: gumba la mkono wa kulia. Alikuwa akilinyonya tangu uchanga, wakati wa kulala tu. Mamake alipokwenda kazini Saudia, mtoto akiwa na miaka mitatu, gumba likawa halitoki kinywani usiku wala mchana.

Naandika makala haya kwa sababu nimegundua kwamba katika nyumba nyingi za kwetu, kuanzia Mtwapa mpaka Mambrui, kidole cha mtoto kinatazamwa kwa njia mbili, na zote zina kasoro. Kuna wanaomchapa mtoto wa mwaka mmoja kwa kunyonya kidole, ilhali hana kosa. Na kuna wanaomwacha mtoto wa miaka saba aendelee, wakisema ataacha mwenyewe, ilhali meno yake ya kudumu yameshaanza kupinda. Kidole kina muda wake. Mzazi akiujua muda huo, atapumzika pale pasipo haja ya vita na ataamka pale panapohitaji kuamka.

Kwa nini mtoto hunyonya kidole

Kunyonya ni jambo alilozaliwa nalo. Madaktari wanaopiga picha za mimba huona vitoto tumboni vikiwa na gumba kinywani. Asingekuwa na hamu hiyo, mtoto mchanga asingejua kushika ziwa la mamake. Kwa hiyo kidole cha mtoto mchanga si ulafi wala si dalili ya ugonjwa. Njaa inapomshika hunyonya, usingizi unapomjia hunyonya, na akiogopa au akichoka hunyonya vilevile. Ndiyo njia yake ya kujituliza kabla hajajua kusema.

Watoto wengi huacha wenyewe kati ya miaka miwili na minne. Wanapata maneno, wanapata michezo, wanapata wenzao, na kidole kinakosa kazi. Watafiti pia wameona kwamba watoto walionyonyeshwa ziwa la mama kwa muda mrefu huwa na tabia hii kidogo kuliko walionyonyeshwa muda mfupi. Hapa kwetu hilo si geni. Aya ya 233 ya Suratul Baqara inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na Shirika la Afya Duniani nalo linashauri ziwa la mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, kisha liendelee pamoja na chakula mpaka miaka 2 au zaidi.

Anayeendelea baada ya miaka minne mara nyingi ana sababu. Huenda ni mazoea ya usingizi tu. Huenda amezaliwa mdogo wake na yeye amehamishwa kitandani kwa mama. Huenda wazazi wameachana, au mama amesafiri kutafuta riziki Ghuba na mtoto amebaki kwa bibi. Kabla ya kukivuta kidole, tujiulize kinaziba pengo gani.

Kidole kinafanya nini kwenye meno

Jino halikujengwa kama msumari kwenye ubao. Limekaa ndani ya mfupa hai unaoweza kusogea taratibu. Upande wa ndani ulimi unalisukuma nje. Upande wa nje midomo na mashavu yanalisukuma ndani. Meno hukaa pale ambapo nguvu hizo zinalingana. Kidole kinapoingia, mizani hiyo huharibika.

Kwanza, gumba hukaa nyuma ya meno ya juu na kuyasukuma mbele. Ndiyo maana meno ya juu hutokeza nje, na mdomo wa juu ukawa haufungi vizuri.

Pili, kiganja na kidole huelemea meno ya chini na kuyalaza kwa ndani.

Tatu, kidole huzuia meno ya mbele yasishuke na yasipande kikamilifu. Magego yanaendelea kukua, ya mbele yamezuiwa, na matokeo yake ni ule uwazi niliouona kwa mpwa wangu: mtoto anauma lakini meno ya mbele hayagusani.

Nne, na hili wengi hawalijui, taya la juu huwa jembamba. Mtoto anaponyonya, mashavu hubonyea na kubana taya kwa pembeni. Ulimi, ambao kazi yake ni kukaa juu kwenye kaakaa na kulipanua taya, umesukumwa chini na kidole. Kaakaa hupanda juu na kuwa la mchongoko, na magego ya juu huangukia ndani ya yale ya chini badala ya kuyafunika.

Si kila mnyonyaji hufikia huko. Linaloamua zaidi ni muda. Mtoto anayenyonya kwa nguvu dakika kumi kabla ya kulala ana hatari ndogo kuliko yule anayelala usiku kucha na gumba limetulia tu kinywani. Wataalamu wa kupanga meno husema kwamba nguvu ndogo inayodumu takriban saa 6 kwa siku inatosha kulisogeza jino. Ni kama mnazi wa ufuoni: unainama kwa upepo mdogo unaovuma kila siku.

Umri wa kuuangalia: miaka sita

Mtoto ana meno 20 ya utotoni. Huanza kuota karibu na miezi 6 na kwa kawaida yote huwa yametoka akifika miaka mitatu. Karibu na miaka 6 huanza meno ya kudumu: gego la kwanza nyuma kabisa, ambalo wazazi wengi hulidhania kuwa la utotoni, na meno mawili ya mbele ya chini. Meno mawili ya mbele ya juu hufuata kati ya miaka 7 na 8.

Hapo ndipo penye uamuzi wote. Kidole kikitoka kabla ya meno ya mbele ya kudumu kuota, uwazi uliokuwepo kwa kawaida hujifunga wenyewe. Ulimi na midomo hurudi kazini, na meno mapya huota mahali pake. Kidole kikiendelea wakati meno ya kudumu yanaota, yanaota yakiwa yamepinda, na kurekebisha kwake ni kazi ya miaka na gharama. Ule wembamba wa taya ndio mgumu zaidi: mara nyingi haujirekebishi wenyewe hata kidole kikiachwa.

Kwa ufupi: chini ya miaka miwili, muache mtoto. Kati ya miwili na minne, mtazame na umshughulishe bila kufanya vita. Kuanzia miaka minne, anza kumsaidia aache, kwa upole. Akifika sita bado ananyonya, usingoje tena.

Madhara nje ya meno

Matamshi ni la kwanza. Wanaosoma tajwid wanajua kwamba sini, swadi na zai huitwa herufi za swafiri, yaani za mluzi, kwa sababu hewa hupita kwa wembamba kati ya ncha ya ulimi na meno ya mbele. Palipo na uwazi, ulimi hutoka nje na mluzi hupotea. Sini ikawa thaa, na hata kwa Kiswahili "saa sita" ikawa "thaa thita". Si kila mtoto anayetamka hivyo ananyonya kidole, na wapo wadogo ambao herufi hizi huwachelewea tu. Lakini walimu wa chuo na wa nasari wanaweza kuwa wa kwanza kuliona tatizo. Nawaomba, kabla ya kumchapa mtoto kwa herufi isiyotoka, wamtazame meno.

La pili ni kula. Mtoto mwenye uwazi mbele hawezi kukata mahamri au muhogo kwa meno ya mbele. Huuingiza pembeni na kuuvuta. Nyumbani tunasema hana adabu ya kula, kumbe hana la kukatia.

La tatu ni ajali. Meno ya juu yaliyotokeza nje huumia upesi zaidi mtoto anapoanguka, na watoto wetu wanaanguka kila siku, mpirani na kwenye baiskeli.

La nne ni uchafu. Mkono uliokuwa mchangani ukiingia kinywani huingia na mayai ya minyoo na vijidudu vya kuharisha. Kidole chenyewe hufanya sugu, na pembeni mwa ukucha hutunga usaha.

Tuseme na upande wa pili pia. Watafiti wa Dunedin, New Zealand, waliofuatilia watoto waliozaliwa 1972 na 1973, walichapisha mwaka 2016 kwamba walionyonya vidole au kutafuna kucha utotoni walikuwa na mzio kidogo kuliko wenzao walipopimwa ngozi ukubwani. Pengine ni kwa sababu miili yao ilizoea vijidudu mapema. Watafiti wenyewe hawakusema watoto wahimizwe kunyonya. Lakini inatufundisha tusikifanye kidole kuwa shetani.

Si kila meno ya mbele yanatokana na kidole

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 wa Kinondoni na Temeke, jijini Dar es Salaam. Asilimia 63.8 walikuwa na angalau kasoro moja ya mpangilio wa meno, na asilimia 16.1 walikuwa na uwazi wa meno yasiyokutana. Kwa hiyo mpangilio mbaya wa meno ni jambo la kawaida katika pwani yetu hii ya Waswahili, na kidole ni sababu mojawapo tu.

Mtoto anaweza kurithi taya la babake. Anaweza kuwa anapumua kwa mdomo kwa sababu pua imeziba kwa nyama za ndani au mafindofindo makubwa, na hilo nalo hubadilisha taya. Meno ya utotoni yakioza na kung'olewa mapema, meno jirani huegemea nafasi iliyobaki. Wapo pia waliokwisha kuacha kidole lakini ulimi umezoea kusukuma mbele kila wanapomeza, na uwazi haujifungi. Ndiyo sababu macho ya daktari yanahitajika. Mzazi anaweza kumlaumu mtoto kwa kidole kumbe tatizo liko puani.

Shubiri, pilipili na vitisho

Pwani hii shubiri ni dawa ya zamani ya kumwachisha mtoto ziwa, na kwa sababu hiyo hupakwa hata kidoleni. Wengine hutumia maji ya mwarobaini. Wenye hasira hutumia pilipili.

Nitasema wazi juu ya pilipili: tuache. Mtoto hulala na kidole kile kile, akajifikicha macho usiku. Maumivu yake ni makubwa, na jicho linaweza kudhurika. Uchungu wa shubiri au mwarobaini hauunguzi hivyo, lakini nao peke yake haufiki mbali. Ukipakwa kama adhabu, mtoto huufuta kwenye shuka na kuendelea. Huweza kusaidia tu kama mtoto mwenyewe amekubali kuacha na anataka kitu cha kumkumbusha.

Vitisho navyo vina umri mrefu, tena si kwetu tu. Ujerumani, mwaka 1845, daktari Heinrich Hoffmann alichapisha kitabu cha watoto, Struwwelpeter, ambamo fundi cherehani anamjia mtoto anayenyonya gumba na kuyakata yote mawili kwa mkasi. Sisi twasema "nitakikata", au "askari anakuja". Mtoto aliyekuwa akinyonya kwa hofu, tukimwongezea hofu, atanyonya zaidi, ila sasa atajificha.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Bibi yake alipaka shubiri, kisha pilipili. Mtoto akawa ananyonya chini ya leso, amejifunika gubigubi. Tukadhani ameacha.

Njia zinazosaidia

Zungumza naye kwanza. Mtoto wa miaka minne na kuendelea anaelewa. Mwonyeshe meno yake kwenye kioo, mweleze meno makubwa yanakuja na yanahitaji nafasi. Akikubali mwenyewe, nusu ya kazi imekwisha.

Jua saa zake. Andika siku tatu au nne ni wakati gani kidole kinaingia: mbele ya televisheni, kwenye gari, akiwa na njaa, akilala. Kisha weka kitu kingine pahala pake. Mikono yenye kazi haiendi kinywani. Mpe ukindu ajifunze kusuka ukili na bibi, mpe kete za bao, mpe kalamu na karatasi.

Msifu kwa siku alizoweza, usimseme kwa siku alizoshindwa. Karatasi ukutani yenye alama ya nyota kwa kila usiku mmoja uliopita bila kidole inafanya kazi kuliko fimbo. Nyota kumi, mpeleke ufuoni au mnunulie anachopenda.

Usiku una hila zake, kwa sababu aliyelala hakumbuki ahadi. Soksi safi mkononi husaidia. Wengine hufunga bandeji ya kitambaa kwenye kiwiko, iwe legelege isizuie damu, ili mkono usikunjike kirahisi. Mwambie mtoto kwamba ni kumbusho. Asione amefungwa.

Nyumba nzima iseme neno moja. Bibi akikubali, mama akakataza, na mjomba akacheka, mtoto hajui amfuate nani. Na asiaibishwe mbele ya wageni wala darasani.

Mwisho, rudisha kile kidole kilichokiziba. Hadithi moja kabla ya kulala, dua ya kulala mkisoma pamoja, mkono mgongoni mpaka usingizi umjie. Haya hayana bei.

Lini kwenda kwa daktari wa meno

Nenda kama mtoto ana miaka minne au zaidi na unaona meno hayakutani, kama magego yanauma upande, kama matamshi yake yana shida, au kama kidole kina kidonda kisichopona. Hospitali ya Malindi na ya kaunti pale Kilifi zina huduma ya meno, na hapo ndipo pa kuanzia. Usingoje jino liume. Wengi wetu hatumjui daktari wa meno ila siku ya kung'oa.

Daktari anaweza kushauri kungoja na kutazama. Kwa mtoto mkubwa aliyejaribu akashindwa, anaweza kuwekewa kifaa cha waya nyuma ya meno ya juu kinachokizuia kidole kisikae vizuri. Na meno ya kudumu yakiwa yamekwisha kupinda, itabidi waya za kupanga meno. Wataalamu wa kazi hiyo wengi wako Nairobi na Mombasa. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 100, na waya huhitaji kukazwa tena na tena kwa muda mrefu. Piga hesabu ya nauli peke yake, kabla ya matibabu, utaona thamani ya kuacha kidole kwenye miaka minne.

Mpwa wangu

Daktari wa meno alimtazama akatuambia bado tuna wakati. Meno ya mbele ya utotoni hayajang'oka. Hakuandika dawa. Aliuliza mama yuko wapi, na jibu tulilompa ndilo lililotufungua macho.

Tulizungumza na dadangu. Kazi anayofanya haimpi nafasi ya kupiga simu mtoto anapolala, lakini akapata njia: kila siku akawa anarekodi sauti yake kwenye WhatsApp, dakika mbili au tatu, akimsimulia mwanawe siku yake na kumsomea dua ya kulala. Bibi akaitupa pilipili. Kila usiku mtoto akawa analala simu ikiwa sikioni na mkono mwingine ndani ya soksi. Wiki za mwanzo zilikuwa za kilio. Mwezi wa tatu, nyota zilijaa karatasi mbili.

Sasa ana miaka sita na nusu. Meno mawili ya chini ya kudumu yameota, yamesimama wima. Uwazi wa mbele haujajifunga wote, ila umepungua, na daktari amesema tungoje ya juu yaote. Sini bado inateleza akisoma haraka. Akisoma taratibu inatoka, na maalim amesema hana haraka.

Ewe mzazi, na ewe bibi unayelea mjukuu, usiku wa leo mtazame mtoto wako aliyelala. Kama kidole kimo kinywani, hesabu umri wake kwanza. Kisha ujue la kufanya.

Wabillahi tawfiq.